Tabia za Akina Mama Washonaji

Mtu akitaka kuzijua tabia za wanadamu, si lazima asafiri mbali. Na aende mahali ambapo watu kumi wanafanya kazi moja, kwa mkasi mmoja, na kwa faida moja watakayogawana. Siku ya kwanza atawakuta wote ni wema. Siku ya tatu mmoja amekwisha ficha uzi. Juma la pili wawili hawaamkiani. Na mwezi ukiisha, ama wamekuwa jamaa, ama kila mtu amerudi kwake na sindano yake.

Leo tunataka kuzungumza juu ya vikundi vya akina mama washonaji katika mji wa Kalemie. Hatutamtaja mtu kwa jina, wala hatupendi msomaji aanze kumtafuta jirani yake ndani ya maneno haya. Tabia tutakazozieleza zipo Kalemie, zipo Moba na Uvira, na ng'ambo ya ziwa, Kigoma, zipo vile vile. Atakayejiona humu asikasirike. Acheke kwanza, kisha afikiri.

Sindano ilivyofika kwetu

Kushona si kazi ngeni katika nchi hii ya ziwa. Mapadre Weupe waliipokea ngome ya Mpala mwaka 1885, na baadaye wakafuatwa na Masista Weupe. Katika shule za masista wasichana walijifunza kusoma, na pamoja na kusoma wakajifunza kupinda nguo na kutia kiraka. Wakati wa Wabelgiji zikafunguliwa, katika miji mingi ya Kongo, nyumba za mafunzo ya wanawake zilizoitwa foyer social. Huko mke wa karani, au wa mfanyakazi wa reli, alifundishwa kupika, kufua, kupiga pasi, kutunza mtoto mchanga, na kushona. Mji wetu wenyewe, ulioitwa Albertville mpaka mwaka 1966, ulikuwa na kiwanda cha Filtisaf, kilichosokota pamba na kufuma nguo. Kiwanda hicho kimekufa. Nguo tunazozishona leo zinatoka mbali, na nyingine zinavuka ziwa kutoka Kigoma.

Basi, jambo moja limegeuka, nalo ni kubwa. Zamani mama alifundishwa kushona ili nguo za nyumbani mwake zisiwe na matundu. Leo anashona ili apate unga, dawa, na fedha ya kumsomesha mtoto wake wa sekondari. Zamani akigombana na mwenzake, alikunja kitambaa chake akaenda zake, wala hapakuwa na hasara. Leo kikundi kikivunjika, chakula cha nyumba kumi kimevunjika. Kwa hiyo tabia za wenzetu si mambo ya kuchekesha tu. Ni mambo ya sufuria.

Mama wa mkasi

Tuanze na yule aliyekaa mezani, maana wote humtazama yeye. Ndiye mkata nguo. Kitenge cha yadi 6 hutoa vikwembe vitatu, navyo vitatu ndivyo vazi kamili la mama mwenye heshima. Mkasi ukikosea njia kwa upana wa vidole viwili, blauzi haitoshi tena, na mwenye nguo hataki kusikia habari za vidole. Ndiyo sababu mama wa mkasi hasemi sana. Hupima, hutia chaki, hupima tena, hushusha pumzi, ndipo hukata.

Huyu anastahili kuheshimiwa, naye anajua kwamba anastahili. Hapo ndipo ilipo hatari yake. Hapendi mtu asimame karibu na kuangalia. Akiulizwa, hujibu, "Utaharibu." Siku akipatwa na homa, vitenge hulala juu ya meza, na wateja huenda kwa mshonaji mwingine. Mtu anayeficha ujuzi wake hudhani anaulinda, kumbe anaufunga kamba shingoni mwa wenzake. Dawa yake ni moja: apewe mwanafunzi, tena apewe mbele ya wote, na sifa ya mwanafunzi ihesabiwe kuwa sifa yake yeye mwalimu. Mwenye kiburi hupenda sifa. Basi apate sifa inayokifaa kikundi.

Mama mfumuaji

Huyu hapendwi. Ana macho ya mwewe. Akiwa amekaa pembeni, ng'ambo ya chumba, huona kola iliyokwenda upande, pindo lililopanda, kifungo kisichokabiliana na tundu lake. Husimama, huichukua nguo, hutia ncha ya mkasi katika mshono, na krr! kazi ya saa nzima imefumuliwa. Mwenye kazi hiyo huona kama amefumuliwa ngozi yake mwenyewe.

Hata hivyo tunasema kwamba kikundi kisicho na mfumuaji hakina maisha marefu. Mteja haambii kikundi kwamba kola imepinda. Humwambia dada yake, na dada humwambia mtaa. Jina jema hujengwa kwa miaka, na nguo moja mbaya hulibeba likaenda nalo sokoni. Kwa hiyo mfumuaji awekwe mlangoni: nguo yoyote isitoke kabla hajaishika yeye. Lakini apewe na sheria. Aseme juu ya nguo, asiseme juu ya mtu. "Kola hii imepinda" ni neno la kazi. "Wewe siku zote unapinda kola, kama mama yako" ni neno la vita. Ulimi unauma kuliko meno, na jeraha lake halishonwi kwa sindano.

Mama msemaji, na mama wa mashini

Kuna mmoja ambaye huingia na habari kabla hajaingia yeye mwenyewe. Anajua bei ya dagaa ya asubuhi, anajua mashua iliyochelewa, anajua nani ameposwa. Mikono yake hushona polepole, maana hufuata mdomo. Wenye bidii humnung'unikia. Lakini siku asipofika, chumba hunyamaza kama nyumba ya matanga, na mchana huwa mrefu.

Ubaya wake ni kwamba hawezi kutofautisha habari na siri. Yaliyosemwa na mwenzake kwa machozi, jioni hupatikana kisimani. Ubaya huo usivumiliwe. Lakini ule ulimi unaoweza kumchekesha askari aliyekasirika, mnauacha ukae ndani kwa nini? Mpelekeni sokoni. Mpeni nguo zilizokamilika akatafute wateja. Wateja wakuu wa mshonaji katika Kongo wanakuja kwa majira: kabla ya tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, ambapo mabibi wengi huvaa kitenge cha namna moja, kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa Septemba, ambapo kila mtoto hutakiwa nguo ya juu nyeupe na ya chini ya buluu, na kabla ya Noeli. Msemaji akitumwa mapema, kazi inakuja mapema. Asipotumwa, kazi inakwenda kwa wengine, naye anabaki kusimulia jinsi ilivyokwenda.

Karibu naye ameketi mama mwenye mashini. Mashini ni yake, ya kukanyaga kwa miguu, haingojei umeme wa Bendera. Siku umeme unapokatika, mashini yake peke yake ndiyo huimba. Naye hakosi kuwakumbusha: "Bila mashini yangu, mngekuwa wapi?" Husema hivyo asubuhi, na husema tena jioni. Yeye hasemi uongo. Lakini deni linalotajwa kila siku halilipiki. Ushauri wetu ni kwamba wasimwachie mashini iwe fadhili. Waikodi. Kila mwezi, kabla ya kugawana faida, walipe sehemu ya mashini, iandikwe daftarini, na kodi ikilipwa, maneno yakome.

Mtunza sanduku

Sasa tufike mahali vikundi vingi hufia. Katika mashariki ya Kongo wengi hufuata utaratibu wa mutuelle de solidarité, ambao watu wameufupisha wakauita MUSO. Katika utaratibu huo fedha hazikai pamoja. Kasha la kijani ni la akiba na mikopo, nayo akiba hubaki kuwa mali ya aliyeiweka. Kasha jekundu ni la msaada, la ugonjwa na msiba, na aliyetoa humo hadai kurudishiwa. Kasha la buluu ni la fedha zinazotoka nje ya kikundi. Tena kasha huwa na mwenye kulitunza, na wengine wenye funguo, ili asiwepo mtu mmoja awezaye kulifungua usiku.

Watu hupenda kumchagua mtunza sanduku kwa sababu ya upole wake. Ni kosa. Mpole huombwa faranga kidogo na mwenzake mwenye mtoto mgonjwa, naye hutoa bila kuandika, maana moyo wake ni mwema. Kesho huombwa na mwingine. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Mwisho wa mwaka sanduku ni jepesi, na yule mpole, ambaye hakula hata faranga moja, huitwa mwizi. Mchagueni yule mnayemwita mgumu. Yule anayehesabu vifungo kabla ya kuvitoa na kuvihesabu tena vinaporudi. Yule asiyemkopesha hata dada yake uzi. Nyumbani mwake labda tabia hiyo inachosha. Katika sanduku la kikundi ni tabia ya thamani.

Binti wa haraka, na mama mnyamavu

Kila kikundi kina binti mmoja ambaye hushona huku akitazama simu. Huko huona mishono ya Kinshasa na ya Dar es Salaam, mikono iliyovimba kama puto, migongo iliyo wazi. Wazee hutikisa vichwa. Yeye huanza nguo tatu, humaliza moja. Haraka haraka haina baraka, na mfumuaji hapati usingizi kwa ajili yake. Walakini wateja vijana humwuliza yeye, hawamwulizi mama wa mkasi. Basi achore yeye, akate mzee. Wakikaa meza moja, kila mmoja atajifunza asichopenda kujifunza.

Na mwisho kuna mama aliyekaa karibu na ukuta. Hasemi. Mikono yake inakwenda sawasawa, mishono midogo, iliyonyooka. Ukimwuliza ametoka wapi, hutaja kijiji, kisha huinamisha kichwa.

Wasomaji wa Kalemie wanajua kwa nini. Tangu mwaka 2016 mapigano kati ya Wabatwa na Waluba yalichoma vijiji vingi vya jimbo letu, na mwaka 2017 mamia ya maelfu ya watu walikuwa wamekimbia makwao. Wengi walikaa katika makambi pembeni mwa mji, kama Katanika. Kisha ziwa nalo likapanda. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji yaliingia katika nyumba za pwani. Kwa hiyo mama huyu mnyamavu anaweza kuwa ameketi benchi moja na mwenzake wa kabila ambalo alilikimbia. Wanapitishiana mkasi. Hakuna anayetaja neno.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Tusimlazimishe kusema, wala tusimsahau. Asiyesema huandikwa mwisho katika daftari, hupewa mashini mwisho, na siku ya kugawana hupokea kilichobaki. Kikundi kikitaka kujipima kama ni chema, kisitazame mchele wa sikukuu yao. Kitazame mnyamavu alipewa nini, na alipewa wa ngapi. Mtu asiyeomba akipata haki yake kamili, wote wengine wanaweza kulala bila wasiwasi.

Mashati arobaini

Tuchukue mfano. Shule moja imeagiza mashati meupe 40. Siku zimebaki mbili. Mfumuaji anayashika, anakuta kola kumi zimekaa vibaya. Zote ni kazi ya binti wa haraka. Mama wa mashini anasema, "Tupeleke hivyo hivyo, mwalimu hataona." Msemaji amekwisha ahidi siku. Binti analia. Kila tabia imesimama pale uchi.

Kuna njia tatu. Ya kwanza, wapeleke mashati mabaya. Watalipwa mara hii, na Septemba ijayo shule itakwenda kwingine. Ya pili, binti alipe kitambaa chote peke yake. Atalipa, naye hatarudi, na wengine wataanza kuficha makosa yao kwa hofu. Ya tatu ni ngumu. Kola zifumuliwe usiku ule ule. Mama wa mkasi akate kola mpya, binti akiwa karibu naye akiangalia. Mnyamavu, mwenye mishono iliyonyooka, azishone. Msemaji aende kwa mwalimu asubuhi na mapema, aombe siku moja kwa ulimi wake mtamu. Mtunza sanduku aandike hasara: sehemu iwe ya kikundi, maana ni kikundi kilichompa binti kazi bila mwangalizi, sehemu iwe ya binti, nayo ikatwe kidogo kidogo. Lakini kasha jekundu lisiguswe. Lile ni la ugonjwa na msiba, na kola mbovu si msiba.

Angalieni vema: katika njia ya tatu hakuna aliyegeuka tabia. Msemaji alisema, mgumu alikuwa mgumu, mfumuaji alifumua. Kila mmoja alifanya lile ambalo jana lilikuwa linawaudhi wenzake, ila leo alilifanya mahali pake.

Vipande visivyofanana

Vipande vinavyobaki chini ya meza havitupwi na mama mwenye akili. Akiviunganisha hupata mto, mfuko wa mtoto, au mfarishi wa kujifunika usiku. Na kazi hiyo ya vipande imewaunganisha watu katika nchi nyingine pia.

Huko India, katika jimbo la Karnataka, wanaishi Wasidi, ambao mababu zao walikuwa Waafrika. Wengi wao walipelekwa Goa na Wareno wakiwa watumwa. Wanawake wao hushona kwa mkono mfarishi wa vipande vya nguo kuukuu uitwao kawandi. Huanza pembeni, huzunguka, mpaka wafike katikati, na kila pembe huwekewa kitambaa kiitwacho phula, maana yake maua. Kati ya Wasidi kuna Wahindu, Waislamu na Wakatoliki. Huyu huenda akatia msalaba katika mfarishi wake, na yule akatia mwezi mwandamo, lakini namna ya kushona ni ile ile.

Na huko Marekani, katika wilaya ya Wilcox ya jimbo la Alabama, wanawake weusi walianzisha mwaka 1966 ushirika wa mifarishi ulioitwa Freedom Quilting Bee. Wakati ule kulikuwa na jamaa zilizofukuzwa katika mashamba kwa sababu zilijiandikisha kupiga kura. Ushirika ulinunua ardhi, ukajenga nyumba ya kushonea, na jamaa kadhaa zilizofukuzwa zikauziwa viwanja hapo. Tena maduka makubwa yalipoanza kununua, yalitaka kazi inayolingana kwa kipimo. Akina mama waliozoea kujitungia kila mmoja kivyake iliwabidi wakubali futi na mkaguzi. Si wote waliofurahi. Lakini ushirika ulidumu zaidi ya miaka 40.

Neno kwa akina baba, na kwa akina mama

Akina baba mnaosoma gazeti hili, msifikiri kwamba hamkutajwa. Kuna mume anayesimama mlangoni kuhesabu saa, na kuna anayengoja jioni ya kugawana faida kuliko mkewe. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kufunga mkataba wa kazi yake. Sheria hiyo ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016, na sasa inadai mapatano ya wote wawili. Mapatano maana yake mke asifiche, na mume asinyang'anye.

Nanyi akina mama, vikombe vikikaa pamoja havina budi kugongana. Msitafute kikundi ambacho watu wake wote ni wapole, hakipo. Katika mkutano wenu ujao andikeni katika daftari, mbele ya kila jina, si makosa yake, bali kazi itakayoifaa tabia yake: huyu mlango, huyu soko, huyu sanduku, huyu mwanafunzi wa kufundisha. Anzeni na jina la yule aliyekaa karibu na ukuta.